Begi la Bi Harusi Limejaa, Bi Harusi Hana Kitu



Msimu wa pamba ukifunguliwa huku kwetu Lalago, cherehani yangu hailali. Wazazi wakishauza pamba, posa zilizokuwa zinangoja jibu zinajibiwa, na harusi zinafuatana Juni, Julai, Agosti. Siku hizi si ajabu tena binti wa Kisukuma wa wilaya ya Maswa kuolewa Unguja au Pemba. Wapemba wamefanya biashara kwenye miji ya Kanda ya Ziwa miaka mingi, watoto wamesoma madrasa moja na wetu, wamekua pamoja, ndoa zimekuja. Alhamdulillah. Ugomvi wangu leo hauko kwenye ndoa, uko kwenye begi.

Nimewashonea na kuwafungia mabegi mabibi harusi wengi wa kuvuka maji, na nasema bila kumung'unya maneno: tunawapakia watoto wetu nguo za kufikia, safari yenyewe hakuna anayeipakia. Mabegi matatu makubwa, yote nguo za kuonwa na wakwe. Halafu muulize huyo bi harusi, saa ile amekaa kwenye kiti cha boti na mawimbi yameanza kupiga ubavuni, ana nini mkononi? Ana simu, ana kioo, ana kipochi cha kung'aa ambacho chupa ndogo ya maji haiingii. Mabegi yake yako sehemu ya mizigo, chini ya magunia na magodoro ya watu.

Vitu vya kumfaa ndani ya chombo tumevipa jina la "ziada". Shangazi anasema, "Nafasi ikibaki tutaviweka." Nafasi haijawahi kubaki.

Kuna binti mmoja niliyemshonea, simtaji wala sitaji kijiji chake. Alitoka Shinyanga kwa basi hadi Dar es Salaam, akalala kwa mama yake mdogo, asubuhi akapanda boti. Ilikuwa Julai. Wifi zake walikuwa wanamngoja bandarini Malindi, kwa hiyo kamati ya harusi iliamua asafiri na gauni la satini, rangi ya maziwa, limedariziwa shanga kifuani, ili akishuka tu wamwone. Mimi nilisema hapana, nikaambiwa fundi kazi yake kushona. Katikati ya mkondo boti ikaanza kupanda na kushuka, na mtoto ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona maji makubwa kuliko lambo la kunyweshea ng'ombe akatapika. Wahudumu hupita na mifuko, lakini wimbi halimsubiri mhudumu. Gauni lote mbele likaharibika. Hana kanga, hana mtandio wa pili, hana hata kitambaa cha kujifutia. Akakaa hivyo mpaka Unguja, akashuka hivyo mbele ya wifi zake.

Mngedhani walimhurumia. Baadhi walimhurumia. Wengine walitazamana, na wiki nzima mtaani wanawake walikuwa wanahesabu miezi kwenye vidole. Bi harusi ametapika siku ya kuja! Binti aliyetoka kwao na heshima yake akaanza ndoa kwa kunong'onwa, kwa sababu ya kanga moja ambayo haikuwemo kwenye pochi. Kanga, dada zangu. Kitu ambacho kila nyumba ya Mswahili kinatandikwa, kinafunikwa, kinabebea mtoto.

Sasa niambieni, kati ya kanga hiyo na gauni la tano la kufanana na viatu, ipi ni ziada?

Watu wa bara tunasahau jambo moja ambalo nyinyi wa visiwani mnalijua tangu utotoni, kwamba bahari ina misimu. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi huja baadaye, na katikati ya mwaka ndipo linapochacha. Sasa pigeni hesabu: pamba yetu huuzwa kuanzia Mei, harusi huja baada ya pesa ya pamba, kwa hiyo mabibi harusi wetu wanavuka maji wakati ule ule kusi liko juu. Tunawachagulia tarehe kwa kuangalia mizani ya pamba, na hakuna anayeuliza upepo. Na aendaye Pemba akitokea Unguja ana mkondo wa Nungwi mbele yake, ambao wenyeji wenyewe huupitia kwa heshima.

Siandiki hivi kumtia mtu hofu. Boti za siku hizi ni za kasi, Dar mpaka Unguja ni kama saa mbili tu, na maelfu wanavuka salama kila wiki, tunamshukuru Mungu. Lakini tarehe tunazo. MV Spice Islander ilizama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, upepo mkali. Na sisi wa ziwani hatuhitaji kusimuliwa na mtu: MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, makaburi yake yako pale Igoma, Mwanza, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na Ukara, watu wanaiona nchi kavu. Kwenye vyombo hivyo walikuwemo wanawake na watoto wao, na nguo zao walizozichagua asubuhi.

Kwa hiyo nianze na nguo, maana ndiyo kazi yangu na hapo hamtanidanganya.

Satini ya poliesta si nguo ya chomboni. Haipitishi hewa, jasho linabaki ndani, tone moja la maji linaacha alama ya ramani. Shanga na mawe ndiyo kabisa. Gauni la harusi lenye tabaka tatu na shanga kifua kizima ni zito likiwa kavu, likilowa linakuwa mzigo wa kukuvuta. Safiri na baibui la kitambaa chepesi cha rangi iliyokolea, nida au krepu nyepesi (nasema nida kitambaa, NIDA ya kitambulisho tutaifikia). Liwe la kufunguka mbele kwa vifungo. Achana na lile la kuvalia kichwani. Pindo lipandishwe inchi moja kutoka chini, maana ngazi ya kushukia boti huwa imelowa, na pindo la kuburuta pamoja na begi mkononi ndiyo njia ya kuanguka mbele ya bandari nzima. Hijabu ya jezi haitelezi kwenye upepo kama ile ya hariri inayohitaji pini kumi na mbili. Viatu vya chini, vyenye mkanda.

Na ndani ya baibui, hapa nakaza sauti: vaa suruali nyepesi, blauzi ya mikono mirefu, na kofia ya ndani ya hijabu inayokaa yenyewe. Nimekuwa nikiwaambia wateja wangu jambo hili na wengine wananiangalia kama nimekufuru. "Suruali? Bi harusi?" Ndiyo, suruali, chini ya baibui, hakuna anayeiona. Sababu yangu ni hii. Siku Mungu akiandika dharura, mwanamke ataambiwa avae jaketi la kuokolea na huenda akalazimika kuliacha baibui lake majini. Kuokoa nafsi kunatangulia, masheikh hawagombani katika hilo. Lakini mimi naijua aibu ya binti wa kwetu. Najua kwamba akijua chini ya baibui hana kitu cha maana atasita, na maji hayangoji mtu anayesita. Mvalishe stara ya pili ili asiwe na cha kusitia. Hili nalo mnaniambia ni ziada?

Halafu akiingia tu kwenye chombo, kabla hata ya kutafuta dirisha la kupigia picha, aulize majaketi yako wapi na yanafungwaje. Wengi wetu wa Simiyu hatujui kuogelea. Jaketi linavaliwa juu ya nguo zote na mikanda inafungwa, na shela refu linaloning'inia linakunjwa na kuchomekwa kwanza. Kuuliza ni dakika moja. Na bwana harusi akicheka, acheke.

Pochi ya mkononi ndiyo niliyoigombania zaidi miaka hii yote. Itupeni ile ya kung'aa. Mshoneeni binti mkoba wa kitenge wenye zipu na mkanda wa kupitisha begani, upana wa kanga mbili zilizokunjwa. Ndani yake: kanga moja doti nzima, hijabu ya pili, nguo ya ndani ya kubadilisha, taulo za kike hata kama hesabu zako zinasema bado siku kumi (safari na furaha ya harusi vinavuruga hesabu za mwili, kila mwanamke anajua), kitambaa cha kujifutia, maji, kipande cha tangawizi au pipi kali, ndimu ya kunusa. Na vifuko viwili vya kitambaa kizito kilichotiwa nailoni ndani, kimoja cha nguo iliyochafuka, kingine cha matapishi. Nilivishona mwenyewe baada ya kuona watu wanahangaika, kwa sababu mifuko ya plastiki ya sokoni imepigwa marufuku, Zanzibar tangu 2006 na huku bara tangu Juni 2019, na hutaki kuanza ndoa kwa kukaguliwa begi lenye mifuko ya marufuku.

Kuna dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari. Zinamezwa kabla ya kupanda, ukisubiri mpaka tumbo limeshapinduka umechelewa. Nyingi zinaleta usingizi. Muulize mfamasia, usimuulize kondakta, na kama kuna uwezekano una mimba mwambie. Kula kidogo asubuhi, mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha. Tumbo tupu linasumbua sawa na tumbo lililojaa biriani. Kaa katikati ya chombo, chini, usikae mbele kabisa, angalia mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Na nawaomba mashangazi wenye chetezo: msimfukize mtoto udi na kumkandika manukato asubuhi ya safari. Mle ndani kumefungwa, harufu inakaa, atatapika yeye na jirani yake. Udi utamngoja Unguja, hauishi kule.

Nije kwenye sala, kwa sababu hapo ndipo ninapoona tumepotoka na bado tunajiita watu wa dini. Nimefungua mabegi ya mabibi harusi yenye jozi saba za viatu, sikuona msala. Nimeambiwa, "Atasali akifika." Kutoka Lalago hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Unatoka hapa, unaipita Kolandoto, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma (wengine siku hizi wanashukia hapo na kupanda treni ya SGR), ndipo Dar, ndipo bahari. Kuna sala ngapi hapo katikati? Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kuzikusanya, Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Ruhusa hiyo ni zawadi, lakini zawadi ina masharti yake, na binti anayesafiri kwenda kuishi kwa mume ajue kwamba akishafika amekuwa mkazi, anasali kamili. Amuulize ustadhi kabla ya safari, asibaki kubahatisha. Mkiwa chomboni unasali kwa kusimama ukiweza, ukihofia kuanguka au kichwa kinazunguka unasali umekaa.

Na kibla je? Hapa niwape kitu ambacho kilinifurahisha nilipokitazama kwenye ramani. Zanzibar na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla cha Unguja ni kaskazini karibu kabisa. Na boti ya kutoka Dar kwenda Unguja inaelekea kaskazini. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya njia, uso wa boti unaelekea kibla chenyewe! Binti yangu, umekaa kwenye kiti ukitazama mbele, umeshaelekea. Lakini anayeolewa Bukoba asichukue hesabu hii. Meli ya usiku ya kutoka Mwanza inakwenda kaskazini-magharibi, kibla kinabaki upande wa kulia wa omo. Huyo abebe dira ndogo, au aiweke kwenye simu kabla mtandao haujapotea katikati ya ziwa. Na abebe shuka zito. Ziwa usiku lina baridi ambayo mtu wa Lalago haitegemei.

Msala mwepesi wa kusafiria unakunjwa unakuwa kama kitabu. Chupa ya maji ya udhu haizidi lita moja. Vazi la sala, lile la vipande viwili, nalishona kwa mita nne za kitambaa chepesi na linaingia kwenye kifuko cha ukubwa wa kiganja. Nani anathubutu kusema nafasi haikutosha?

Sasa wapo wanaonijibu kwa dini hiyo hiyo. Wananiambia, "Fundi, wewe huna tawakkul. Kilichoandikwa kimeandikwa." Wengine wanatia na methali, chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo naijua. Ni maneno ya kumfariji mtu baada ya chombo kuzama, na nyinyi mnaitumia kabla hakijang'oa nanga. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee, na yeye mwenyewe siku ya Uhud aliingia vitani na deraya mwilini. Nani alikuwa na tawakkul kuliko yeye? Na Nabii Nuh, alayhi ssalaam, aliambiwa atengeneze safina na aambiwe cha kupakia. Rudini kwenye Surat Hud mkaisome, aya ya 40 na 41. Alipakia vyenye roho na waumini, na dua ya kupandia chombo tunaisoma mpaka leo kutoka hapo hapo. Safina ya kwanza tunayoisoma ina orodha ya mizigo, na kwenye orodha hiyo sikuona gauni la kufanana na viatu.

Zipo pia orodha zinazozunguka kwenye simu, za mambo ya kubeba kwenye meli kubwa za kitalii kama zile zinazotia nanga Unguja. Dada wa mjini wanatumiana, wanaona ndiyo maendeleo. Beba sumaku za kutundikia vitu, kwa sababu kuta za vyumba vya meli ni za chuma. Beba viatu vya bwawani, beba nguo ya chakula cha usiku cha nahodha. Sina ugomvi na mwenye uwezo wa kupanda meli hiyo, Mungu amzidishie. Ila msimfungie binti wa Lalago begi la meli ambayo hapandi. Yeye anapanda boti ya saa mbili, daraja la kawaida, katikati ya wachuuzi na watoto wanaolia, na kibanda cha kutundika sumaku hana.

Nimefika kwenye jambo ambalo najua litanigombanisha na wamama. Pesa.

Kwa mila ya wengi wetu, binti anaondoka mikono mitupu, maana "ana mume." Tiketi anashika mume, kitambulisho anashika mume, simu imetiwa vocha na mume. Ukimwekea binti nauli ya kurudi, wanawake wazima wanapiga ukunga kwamba unamtabiria talaka. Nimeshawahi kushona mfuko wa siri ndani ya sketi ya chini, mama mzazi akaufumua mbele yangu. Sikubishana naye, nyumba ilikuwa ya shughuli. Hapa nabishana.

Nauli ya kurudi si ya kumkimbia mume. Ni ya siku utakapopigiwa simu saa nane usiku kwamba baba amezidiwa, na mume yuko safarini, au hana kitu, na wanaume wengi wazuri hupitiwa na siku wasiyo na kitu. Toka Pemba mpaka Lalago ni boti na mabasi na siku mbili au zaidi. Kwetu mazishi hayangoji, Waislamu tunaharakisha maiti. Binti aliyekosa nauli anamzika mama yake kwa simu. Nimemwona mmoja akirudi siku ya tano, anakaa juu ya kaburi ambalo udongo wake umeshakauka. Halafu mnaniambia kumwekea nauli ni kumtabiria mabaya?

Na pesa yenyewe ipo! Mahari ni ya nani? Surat An-Nisaa imeshakata shauri, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, anatoa kwa ridhaa yake akipenda. Huku kwetu ng'ombe zinahesabiwa na wajomba, zinagawanywa, na mwenye mahari anaambiwa ashukuru kununuliwa kabati. Mabegi matatu yale ya nguo za kuonwa yamenunuliwa kwa mahari yake mwenyewe bila kuulizwa. Punguzeni magauni mawili tu. Magauni mawili ya satini ninayoyashona mimi, kitambaa na kazi, yanatosha nauli ya kutoka Pemba mpaka hapa na yanabakisha ya kula njiani. Nalisema hili nikiwa mtu ninayepoteza kazi ya magauni hayo mawili. Wafanyabiashara wenzangu mnaouza "seti ya fungate" vipande saba, na mnamwambia mama kwamba bila vipande saba mtoto atadharauliwa, mnajua mnachokifanya. Nguo nyingine hamtegemei zivaliwe mara mbili, ndiyo maana mshono wake hamwufungi.

Mfuko wa ndani ushonwe kwenye sketi ya chini, upande wa kulia kama binti anatumia mkono wa kulia, na zipu yake iangalie juu. Mle ndani: pesa hiyo, dhahabu yoyote ambayo hakuivaa, kitambulisho cha NIDA, na namba za simu tatu zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyofungwa nailoni, kwa sababu simu ikilowa hakuna anayekumbuka namba ya mama yake. Na nakala ya cheti cha ndoa. Hii ya mwisho watu wanaidharau sana. Cheti kimeandikwa bara, yeye anakwenda kuishi Zanzibar, ambako mambo ya ndoa za Waislamu yanapelekwa Mahakama ya Kadhi na sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 haitumiki. Kheri isifike siku ya kuhitaji karatasi hiyo. Ikifika, asiwe wa kupiga simu Maswa kuomba mtu akamtafutie kwenye kabati la mjomba. Karatasi moja haina uzito, hakuna boti itakayoikataa.

Wanaume mnaosoma humu kwa siri, najua mpo: mke aliyeshika kitambulisho chake hajakuvunjia heshima. Boti ikiwa na msukosuko mkapotezana kwenye msongamano wa kushuka, atakaa mahali pamoja akiwa na maji, pesa na namba yako, hatakuwa analia katikati ya wachukuzi.

Na wakwe wa visiwani, nanyi nina neno dogo. Mkienda Malindi au Mkoani kumpokea bi harusi wa kutoka bara, chukueni maji ya kunywa na mumpeleke kwanza chooni akaoshe uso, kabla ya vigelegele na kabla ya kamera. Huyo ametoka kusafiri siku mbili. Akitoka akiwa ameshabadili hijabu, hapo mpigeni picha mpaka mchoke.

Kwa hapa Lalago, mwenye binti wa kuvuka maji kati ya sasa na mwisho wa kusi aniletee baibui na sketi ya chini siku tatu kabla ya safari. Mfuko wa ndani na kupandisha pindo sitozi. Mkoba wa kitenge natoza kitambaa tu. Na shangazi atakayekuja kuufumua mfuko, aje na binti mwenyewe, tuufumue mbele yake tumsikie anasemaje.

Wassalaam alaykum.